Mshika Taa Hakulia

Kazini walimwita Nukta, na jina lilimkaa vizuri kiasi kwamba wageni walidhani ndilo alilopewa na mama yake. Alikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji, mwaka wa thelathini na moja huo, na alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Kama hujui kazi hiyo, hebu kaa nikueleze, maana bila hivyo utabaki unanitazama tu. Kitabu kikishapangwa, kabla hakijachapwa, wasomaji wawili hukaa meza moja, uso kwa uso. Mmoja ana mswada wa mwandishi. Mwingine ana karatasi za majaribio zilizotoka kwenye mashine, ndizo hizo prufu. Mwenye mswada anasoma kwa sauti kila kilichoandikwa, mpaka alama zake: koma, nukta, fungua usemi, funga usemi, aya mpya. Mwenye prufu anafuata kwa ncha ya kalamu nyekundu. Ukurasa ukiisha, wote wawili wanatia saini chini yake, msomaji kushoto, mfuataji kulia. Ndivyo inavyokwenda siku nzima, mpaka koo likauke.

Na siri ya kazi ni kutoelewa. Usinicheke. Msomaji anayefuata hadithi ameshapotea, kwa sababu anaanza kuona anachokitarajia badala ya kilichopo. Nukta alikuwa bingwa wa kutoelewa. Angekusomea habari za harusi na za mazishi kwa sauti moja, bapa, isiyopanda wala kushuka, na jioni usingempata hata na chembe ya habari hizo kichwani. Wapya wakija kujifunza kazi, Mkuu wa kiwanda aliwapeleka wakamsikilize. Wengine walitoka wakicheka. Mmoja alitoka akasema amesikia kama mtu anayehesabu vijiko.

Mfuataji wake alikuwa mwanamume mnene mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine ikining'inia kifuani. Walikuwa wamekaa meza moja miaka kumi na tisa, watu wakawaita pacha, na mwishowe jina la Pacha likabaki kwake peke yake. Chumba chao kilikuwa nyuma ya mashine. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta, meza yenye mikwaruzo ya wembe, jagi la maji lililofunikwa kwa sahani, na juu ya mlango kibao alichokiandika mtu aliyekufa zamani: Fuata mswada. Maana yake ni kwamba msomaji hapingani na mwandishi. Mwandishi akiandika kwamba jua huchomoza magharibi, wewe hakikisha tu jua limechapwa vizuri.

Nyumbani Nukta aliishi na mdogo wake, mjane, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikaa dirishani na mdomo wake haukukaa popote. Kila jioni ilikuwa ngoma ileile.

"Dada, leo mmesoma nini?"

"Kitabu."

"Kinahusu nini?"

"Sijui. Kina kurasa mia mbili na kumi."

Mdogo mtu angecheka mpaka uzi umkatikie. "Miaka thelathini umesoma kuliko maprofesa, na ukiulizwa huna la kusema. Mungu alikupa masikio akasahau kuyaunganisha." Nukta hakukasirika. Alivua viatu, akala, akalala. Hakuwa mtu wa huzuni, usije ukamwonea huruma kabla ya wakati. Alikuwa tu amekufa ganzi, pole pole, namna ambayo mguu hufa ganzi ukiukalia muda mrefu, na yeye alikuwa ameukalia miaka kumi na moja.

Jumatatu moja yakaja mambo mawili kwa mpigo. La kwanza ni tangazo la Mkuu, limebandikwa kwenye mlango wa stoo: prufu zote za zamani zinapelekwa kusagwa Ijumaa asubuhi, nafasi inahitajika. La pili ni riwaya. Mwandishi wake hakujulikana, ndiyo kwanza anatoa kitabu. Jina la kitabu *Nilishika Taa Tu*, na chini yake maneno, Riwaya ya watu walioharibika bila kujua. Pacha alichukua prufu, Nukta akachukua mswada, akakohoa kidogo, akaanza na dibaji.

"Jina la riwaya hii nimelichukua katika tamthilia ya kale ya ghala la mfalme, koma, onyesho la mwisho, koma, pale mshika taa, koma, huku akilia kwa majuto, koma, anaposema, fungua usemi, Mimi nilishika taa tu, nukta, funga usemi."

Akanyamaza. Pacha akainua uso, maana katika miaka kumi na tisa Nukta hakuwahi kusimama mahali pasipo na nukta, na hapa nukta ilikuwepo ila yeye hakuendelea.

"Hakulia," Nukta akasema.

"Nani?"

"Mshika taa. Hakulia."

Pacha akatazama karatasi yake. "Hapa imeandikwa analia. Fuata mswada, Dada."

Akafuata. Lakini kitu kilikuwa kimeshafunguka, na hakikufungika tena.

Tamthilia yenyewe aliijua kuliko alivyojua sura yake. Ni mchezo wa zamani sana, wa enzi za wafalme. Mwaka wa njaa, wakuu watatu wanaiba nafaka katika ghala la mfalme, mtumishi wao anawamulikia kwa taa. Asubuhi lawama inaangukia mlinzi wa ghala, naye anauawa. Katika onyesho la mwisho mama wa mlinzi anamshika yule mtumishi anamwuliza, wewe ulifanya nini. Naye anajibu kwa maneno manne, basi. Shuleni, Nukta akiwa na miaka kumi na mitano, alipewa nafasi hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote na yeye hakuwa na sauti. Mazoezini alijaribu kulia. Mwalimu akamkatiza. "Usilie. Huyu mtu halii. Yaseme kama unataja siku ya juma." Akayasema hivyo, mbele ya ukumbi uliojaa wazazi, na ukumbi mzima ukanyamaza kimya kilichomtisha hata yeye mwenyewe. Mwalimu alimpa mkono baadaye. Katika maisha yake yote hakuwahi kusifiwa tena kama siku hiyo, na sauti ile ndiyo iliyompatia kazi.

Basi, Jumatatu na Jumanne akaisoma riwaya, na kwa mara ya kwanza kwa miaka akawa anasikia anachokisoma. Ilikuwa habari ya mji ambao paa la soko linaanguka na kuua watu. Ripoti inaandikwa. Kisha kurasa mbili za ripoti zinabadilishwa, na mpiga taipu aliyeziandika mara zote mbili, kwanza kweli kisha uongo, anarudi nyumbani kwake kumenya viazi. Hakuna aliyemtisha. Hakuna aliyemwahidi kitu. Kitabu kizima kilikuwa juu ya hilo: jinsi watu wema wanavyooza kwa kutoulizwa swali. Nukta alisoma koma kwa koma. Ukurasa wa themanini hivi kalamu ya Pacha ilisimama, ikabaki imesimama, na wino mwekundu ukafanya doa.

"Endelea," Pacha akasema bila kuinua uso.

Akaendelea. Mwandishi alikuwa amebahatisha karibu yote. Alikuwa amekosea mlango mmoja tu, akaingia kwa mpiga taipu.

Ukweli ni huu, nao nitausema mara moja. Miaka kumi na moja nyuma paa la soko la mji wao liliangukia watu asubuhi ya shughuli nyingi, wakafa saba. Tume ikaundwa, ripoti ikaandikwa, ikaletwa kiwandani kuchapwa. Nukta na Pacha waliisoma Jumatatu. Kurasa za arobaini na tatu na arobaini na nne zilisema kwamba fundi mkuu wa paa alimwandikia mhandisi barua mbili kumwonya kwamba mbao zilizoletwa zilikuwa nyembamba na zimeliwa na wadudu, na mhandisi akamjibu aendelee na kazi au aondoke. Wakatia saini. Jumanne, saa nne asubuhi, Mkuu alikuja mwenyewe na karatasi mbili mpya. "Hizi ndizo za kuchapa. Zile zisahauni." Katika kurasa mpya fundi alikuwa mzembe, alitumia mbao mbovu bila kumwarifu mtu. Barua hazikuwepo tena duniani. Nukta akasoma, Pacha akafuata, wakatia saini tena, kushoto na kulia. Fundi akafungwa miaka minne.

Na hakuna aliyewahonga. Hata soda hawakupewa. Mtu aliyehongwa angalau anajua alijiuza wapi na kwa nani. Hawa wawili walijitoa bure, kisha wakaenda kunywa chai. Mimi hilo huniudhi kuliko hongo yenyewe.

Prufu za kwanza hazikutupwa. Utaratibu wa kiwanda ulikuwa kwamba prufu iliyotiwa saini haitupwi, inafungwa kwa kamba na kupelekwa stoo, na Pacha, ambaye alitunza ufunguo wa stoo, alikuwa mtu wa utaratibu. Kwa hiyo kurasa zile mbili zilikuwa pale, rafu ya mwaka ule, mpaka Ijumaa. Zikisagwa, fundi angebaki mwuaji mpaka kufa kwake. Nukta hakuhitaji kufanya uovu wowote mpya. Alitakiwa akae tu kwenye kiti chake Ijumaa asubuhi.

Kwa kawaida msomaji akiwa na shaka huandika swali pembeni mwa prufu, mwandishi akaja kulijibu. Nukta alikuwa ameandika swali moja katika kitabu kizima. Jumatano mwandishi akaja. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwalimu wa shule ya jirani, vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Pacha alipomwona akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu anakihitaji kwenye mashine, akatoka.

"Shikamoo, Mama. Wewe ndiye uliyeandika hapa, je, mshika taa analia?"

"Marahaba. Ndiyo, mimi."

Binti akatabasamu kwa aibu. "Niliandika kutoka kichwani. Mchezo huo niliusoma mara moja tu, zamani. Nilijua analia."

"Halii."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyekuwa mshika taa. Shuleni."

Binti akavuta kiti cha Pacha akaketi. "Kwa hiyo anayasema tu hivihivi? Halafu anafanya nini?"

"Anaenda kula. Imeandikwa kwenye maelekezo ya jukwaani. Anatoka, anaenda kula, mchezo unakwisha."

Binti akakata maneno "huku akilia kwa majuto" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, taratibu, kwa mwandiko wa mwalimu: "kabla ya kwenda kula". Akaisoma. "Hii ni mbaya zaidi," akasema. "Mimi nilimpa machozi kwa sababu nilimwonea huruma." Akaifunika kalamu yake. "Riwaya nimetunga, Mama, lakini sikutoa hewani. Fundi wa paa la soko ni baba yangu. Yupo hai. Mtu mmoja wa tume alimwambia barua zake zilikuwa ndani ya ripoti, kwamba yeye mwenyewe alizisoma humo kwa macho yake. Ripoti ilipotoka hazikuwemo. Baba aliyasema hayo kortini wakamcheka. Mtaani mpaka leo watoto wanamwita Paa."

Nukta alikuwa anatazama jagi la maji.

"Ripoti ile ilichapwa hapa," binti akasema. "Nakala za zamani huwa mnaziweka?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa fupi, ndiyo, na yeye alikuwa hodari wa maneno mafupi. Alichosikia kikimtoka ni: "Stoo inasafishwa Ijumaa."

"Kuna kitu humo?"

"Karatasi," Nukta akasema.

Binti akangoja kidogo, akaona hakuna zaidi. Akaandika anwani yake kwenye karatasi ya masahihisho, kama inavyotakiwa, nyumba ya baba yake, mtaa wa nyuma ya hospitali. Akaaga kwa adabu, akaenda kuwahi kipindi. Nukta akatafuta ndani yake aone kama ameumia, kama mtu anavyojipapasa baada ya kuanguka. Hakukuta kitu. Hilo lilimtia wasiwasi kidogo, halafu wasiwasi nao ukapita.

Jioni mdogo wake akauliza kwa mazoea tu, sindano mdomoni. "Leo je? Kinahusu nini?"

"Kinahusu mtu aliyewashikia wezi taa."

Cherehani ikasimama. Mdogo mtu akatoa sindano mdomoni. "Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Alipata nini, huyo mshika taa?"

"Hakupata kitu."

"Alilazimishwa?"

"Hapana. Aliambiwa shika, akashika."

Mdogo wake akafikiri. Alikuwa mtu wa maneno mengi, ila akifikiri alifikiri kweli. "Mimi namwelewa mwizi," akasema. "Mwizi ana njaa au ana tamaa, nitamlaani yaishe. Huyu wako simwelewi. Huyu hata pa kumlaania hana." Akakanyaga cherehani tena, na kelele yake ikajaa chumba. Nukta akabaki amekaa na viatu miguuni.

Alhamisi wakasoma kurasa za mwisho. Saa tano hivi Pacha akaweka kalamu chini.

"Usinitazame hivyo."

Nukta hakuwa amemtazama.

"Saini zetu ziko kwenye zote," Pacha akasema. "Za kwanza na za pili. Mtu akiziweka pamoja atauliza, hawa wawili walisoma vyote viwili, mbona walinyamaza? Hatauliza kuhusu Mkuu. Mkuu hana saini popote."

"Najua."

"Wewe unastaafu. Mimi nina watoto wawili bado wanasoma."

"Najua."

"Sisi ni wasomaji, Dada. Si mahakimu."

"Najua."

"Basi acha kusema najua." Akavua miwani ya usoni, akavaa ya kifuani, akaivua nayo. Macho yake bila miwani yalikuwa madogo na mekundu. "Yule binti alikaa kwenye kiti changu," akasema. "Nilirudi nikakikuta cha moto." Akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauweka mezani katikati yao, kwenye doa la wino. "Nakwenda kunawa mikono."

Mikono yake ilikuwa safi. Alikaa huko dakika thelathini na tano. Sijawahi kusikia mtu akinawa hivyo.

Stoo ilikuwa na harufu ya karatasi kavu na panya. Nukta alipita rafu kwa rafu, miaka imeandikwa kwa chaki, na alikuwa akingoja moyo umpige, kwa maana alikuwa amesoma mara nyingi kwamba nyakati kama hizo moyo hupiga. Moyo ulikwenda kama kawaida. Alifungua kamba, akahesabu mpaka ukurasa wa arobaini na tatu, akatoa karatasi mbili, akafunga kamba tena kwa fundo lilelile. Akaziweka kwenye mfuko wake chini ya kopo la chakula. Saa saba ya mapumziko akatoka kwa lango kubwa, askari akamwambia leo umewahi, akasema ndiyo.

Nyumba ya fundi ilikuwa ya vyumba viwili, mlango wazi. Ukutani zimetundikwa randa, misumeno na nyundo, zimepakwa mafuta, zimepangwa kwa ukubwa, na ilionekana wazi kwamba hazijagusa mti kwa miaka. Yeye mwenyewe alikuwa mzee mrefu aliyepinda, ukungu mweupe umemwingia machoni yote mawili.

"Binti yangu yuko shule," akasema. "Hurudi saa nane."

"Nimekuja kwako, Mzee. Natoka kiwanda cha uchapaji. Nina kurasa mbili za ripoti ya soko, zile za mwanzo."

Mzee alipapasa meza, akapata kiti, akaketi. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa, chakula alichoachiwa.

"Soma," akasema.

Nukta akasoma. "Ukurasa wa arobaini na tatu, aya mpya. Fundi mkuu wa paa alimwandikia mhandisi barua ya kwanza, koma, akimwarifu kwamba mbao zilizoletwa ni nyembamba kuliko zilizoagizwa, nukta." Alisoma barua ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma jibu la mhandisi, fungua usemi, funga usemi. Alipofika mwisho wa ukurasa wa pili akanyamaza.

Machozi yalikuwa yanamteremka mzee bila sauti, nayo hakuyafuta. "Soma tena," akasema. "Ila hizo koma uziache. Nisomee kama mtu anavyomsomea mtu."

Nukta akajaribu. Aliacha koma, akaacha nukta. Sauti ilikuwa ileile. Alijaribu kuipandisha mahali pa ile "aendelee na kazi au aondoke", ikagoma, ikatoka bapa kama siku ya juma. Hakuwa na nyingine. Alisoma mpaka mwisho hivyohivyo, na aliona aibu, aibu ya mtu aliyealikwa mahali akaja mikono mitupu.

"Ulizisoma hizi lini kwa mara ya kwanza?" mzee akauliza.

"Jumatatu. Kesho yake zikaja za kubadilisha."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akitafuta siku hiyo mahali alipoiweka. "Jumanne ile niliitwa na tume kutoa maelezo. Niliambiwa saa tatu. Nilikaa kwenye benchi la nje, nimevaa shati la kuazima, nakala za barua zangu mfukoni. Nilikaa mpaka saa kumi. Wakatoka wakaniambia hutahitajika, wakachukua nakala zangu wakasema watazitunza." Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Ofisi ya tume na kiwanda chenu, ni mbali?"

"Si mbali. Ni kuvuka barabara."

"Kuvuka tu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo saa nne, wewe uko ndani, mimi niko kwenye benchi. Ungetoka mlangoni ungeniona."

"Ningekuona," Nukta akasema.

Nje mtu alikuwa akipiga zulia vumbi. Nukta alitegemea mzee amfukuze, na alikuwa ameshajiandaa kwa hilo. Alikuwa ameshika mfuko wake kwapani tayari. Mzee akafuta uso kwa kiganja, kwanza jicho moja, kisha la pili. Akasukuma ile sahani kuelekea alikokuwa amesikia sauti yake.

"Ni saa ya kula hii," akasema. "Na wewe umeacha chakula chako kuja huku. Mimi sasa hakitapita kooni. Kula, Mama, kisiharibike."

Nukta alitaka kukataa. Lakini tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, na mwili haukuwa na habari na mambo yote haya, ulikuwa na njaa tu. Akaweka karatasi pembeni mwa sahani, akanawa kwa maji ya jagi, akala. Kilikuwa kitamu. Mzee alikaa mbele yake na macho yake meupe, mikono juu ya magoti, akimsikiliza anavyotafuna.

Hivyo ndivyo binti alivyowakuta. Alisimama mlangoni na madaftari ya wanafunzi kifuani, akamtazama baba yake, akaona uso umelowa. Akaziona karatasi, akajua ni nini kabla ya kuzigusa. Akaziinua akazisoma palepale amesimama, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, mpaka chini kabisa penye saini mbili na tarehe. Alikaa na tarehe ile muda mrefu. Kisha akainua macho, akaitazama sahani, akamtazama Nukta.

Nukta alijua binti anaona nini, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyemwambia jana mchezo unavyokwisha. Chakula kilikuwa bado mdomoni. Akakitafuna, akakimeza.

"Ya kushoto ni yangu," akasema.